Noti iko pale chini, asistani anauliza tena "nani anasema?"

Swali: Jambo Yaya, naandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) juu ya wachuuzi wa Birere, mtaa wa hapa Goma, kisha ya lava ya volkano ya 2002. Asistani amenirudishia shapita ya pili, kila paragrafu ameweka na biki nyekundu "nani anasema?" na mimi noti niliweka, iko mwishoni mwa kila paragrafu!! Tena ananiambia "selon" (kufuatana na) zangu zimemchosha macho. Nifanye aje? (Mwanafunzi, Goma)

Jibu: Pole mdogo wangu, ila asistani wako ana haki. Nimesoma ile paragrafu uliyotutumia. Unaanza na tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo inaingia mjini, inafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, sawa, halafu unasema wamama walirudi haraka kuuza juu likelemba (mchango wa kupokezana) ilikuwa inawangoja, halafu noti 14 ya kitabu cha profeseri. Sasa hiyo noti inabeba nini, sentensi ya mwisho peke yake ao yote? Mambo ya likelemba uliyatoa kwa wamama wenyewe, umeniandikia hivyo, kumbe msomaji atayaweka kwenye mgongo wa huyo profeseri mwenye hajayasema hata siku moja. Na jasho lako umempa mtu bure, hiyo njo inaniuma zaidi.

Si umeona msemaji wa familia siku ya mahari? Hafungui kinywa kabla ya kusema nani amemtuma. Jina la mwandishi liingie pale mawazo yake yanaanzia, noti na ukurasa vikae pale yanaishia. Ukitoka kwake, sema umetoka: "Wamama tulioongea nao sokoni wanakumbuka kwamba...", basi, kila mtu ameona tumehama.

Kuhusu "selon", usibadilishe tu ili ipendeze, verbu inabeba hukumu yako. Ukiandika "montre" (anaonyesha) umekubali mtu ana ushahidi. "Reconnaît" ni ya mtu anayekubali kitu kisichomfaidisha. Na "prétend" uiogope, wengi wanaiweka kama "anasema" ya kawaida kumbe inamaanisha wewe humuamini, unaweza kumtukana direkta wako ndani ya TFC anayoisimamia mwenyewe, hahaha.

Mwandishi uliyemkuta ndani ya kitabu cha mwingine, andika "cité par" (ametajwa na), usijifanye ulimsoma. Kama idara yenu inafuata APA, ule mtindo wa kutaja vitabu ndani ya maandishi (toleo la 7, la 2019), waandishi wakifika watatu unaweka wa kwanza na "et al." (na wengine) tangu mara ya kwanza. Kama ni noti za chini, baki na noti mpaka mwisho.

Na chunga "ibid.", maana yake ni palepale pa noti iliyotangulia, sasa ukiingiza noti mpya ya wamama kisha ya 14, ile ibid. yako ya 15 imeshahamia kwao. Irekebishe kabla ya kupeleka kwa emprimeri.