Vigae vya bafuni vina madoa sugu: nimwage asidi?

SWALI: Vigae vyangu vya kauri bafuni vina utando mweupe mgumu, chini ya bomba kuna michirizi ya kutu, na saruji ya katikati imekuwa nyeusi. Nimesugua kwa klorini na waya wa kusugulia masufuria bila mafanikio. Fundi ananishauri nimwage asidi kali. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, asidi hiyo achana nayo. Kigae huenda kikaistahimili, lakini saruji ya katikati italika, maji yapenye nyuma na vigae vianze kubanduka. Tena umeshatumia klorini humo. Klorini ikikutana na asidi, hata siki, hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Suuza bafu lote kwa maji mengi, acha dirisha wazi, na klorini usiitumie siku moja na siki wala ndimu nitakazozitaja hapa chini.

Dawa moja imeshindwa kwa sababu madoa yako ni ya aina tatu.

Utando mweupe ni chokaa ya maji iliyoshikamana na sabuni. Klorini haiiwezi kabisa, siki nyeupe inaiyeyusha. Kwanza lowesha saruji kwa maji matupu ishibe, isije ikanywa siki. Kisha bandika kitambaa kilicholowa siki juu ya doa kwa dakika 10 hadi 15. Ukikibandua utaona vipovu vidogo, chokaa inaachia. Sugua kwa brashi ya nailoni, suuza. Likibaki, rudia, usiongeze nguvu za mkono.

Kutu nayo haitolewi kwa klorini, ambayo huweza hata kuikoleza. Paka maji ya ndimu, subiri kidogo, sugua, suuza. Ila bomba linalovuja litengenezwe kwanza, la sivyo michirizi itarudi.

Weusi wa kwenye saruji kwa kawaida ni kuvu, na hapo ndipo klorini inapofaa. Izimue kama lebo inavyoelekeza, vaa glavu, paka kwa mswaki mkuukuu, acha dakika 10, suuza. Weusi ukirudi upesi, tatizo ni unyevu usio na pa kutokea. Uliozama ndani hautoki. Saruji hiyo ikwanguliwe, ijazwe mpya.

Waya tafadhali utupe. Hukwaruza mng'ao wa kigae, uchafu ukajishika kwenye mikwaruzo, na vipande vyake vinavyokatika huacha kutu mpya. Pitisha ukucha juu ya kigae kikavu: ukihisi mikwaruzo, hakuna dawa ya kuifuta.

Na kama sakafu ni ya jiwe asilia badala ya kauri, siki na ndimu zisiiguse, maana huunguza uso wake.