Feldispa, shahidi ndani ya jiwe la mchanga

Mimi ni mwashi, Hoima. Nikipasua jiwe la mchanga naona punje kama kioo na nyingine za waridi. Ni nini?

Fundi, za kioo ni madini ya kwatzi. Za waridi yaelekea ni madini ya feldispa: ligeuzegeuze jiwe juani, utaona nyuso zake bapa zikimetameta.

Shikamoo. Mwalimu wetu hapa Mityana anasema feldispa hueleza hali ya hewa ya kale. Inawezekanaje?

Marahaba, mwanangu. Feldispa ni zaidi ya nusu ya ganda la dunia, lakini haivumilii joto na mvua. Polepole hugeuka udongo wa mfinyanzi. Kwatzi hubaki. Basi jiwe la mchanga ambalo robo yake au zaidi ni feldispa, liitwalo akosi, linatushangaza: punje hizo zilinusurikaje? Huenda zilitoka nchi kame au ya baridi. Au mlima ulikuwa ukiinuka kwa kasi, miteremko mikali, punje zikafika bondeni na kufukiwa kabla maji hayajazila. Hapa wengi huteleza, wakiona feldispa wanatangaza jangwa. Kagua kwanza tabaka za jirani. Ukikuta chumvi au jasi, ukame una ushahidi. Ukikuta makaa ya mawe na alama za majani, mvua ilikuwepo, kwa hiyo chunguza habari za mlima.

Nipo Kasese. Je, mchanga wa Rwenzori na wa Elgon ni mmoja?

Hapana, na swali lako limenifurahisha sana. Rwenzori, mita 5,109, si volkano. Ni pande la miamba ya kale lililosukumwa juu katika Bonde la Ufa. Miamba hiyo hutoa kwatzi, feldispa na maika (madini ya vibamba vyembamba vinavyong'aa), na mto Semliki huchukua mchanga huo hadi Ziwa Albert. Chini ya bonde la ziwa hilo mashapo, yaani mchanga na matope yaliyotuama, yana unene wa kilomita kadhaa, na mafuta yaliyothibitishwa mwaka 2006 yamo katika tabaka za mchanga. Anayesoma tabaka hizo kutoka chini kwenda juu anafuatilia jinsi ardhi ya kandokando ilivyoinuka. Elgon ni volkano ya zamani, hivyo hutoa vipande vya lava.

Mchanga mweupe wa ufukweni kwetu Masaka ni kwatzi karibu tupu. Ulitoka mlima gani?

Weupe huo hautaji mlima. Huonyesha tu kwamba mchanga umeoshwa na kupepetwa muda mrefu, pengine ulishawahi kuwa jiwe la mchanga likavunjika tena. Tafuta punje za zirkoni, madini magumu: urani iliyomo hugeuka metali ya risasi kwa mwendo unaojulikana, hivyo umri wake hupimika na kulinganishwa na wa miamba ya huko juu.