Rimu za Honda Kwenye Probox

SWALI: Ndugu mhariri, nina Toyota Probox ninayobebea samaki kutoka Mambrui hadi Malindi. Muuza vipuri vya mtumba ameniletea rimu nne za aloi, za inchi 14, zilizotoka kwenye Honda Fit, akisema kwamba maadamu matundu ni manne zitaingia bila taabu. Jirani yangu naye ananiuzia za Toyota Noah kwa bei nafuu. Nichukue zipi? – Msomaji, Shela, Malindi.

JIBU: Za Noah mwachie mwenyewe, kwani zina matundu matano kwenye duara (lile linalopita katikati ya matundu yote) la milimita 114.3, ilhali habu ya Probox, yaani kitovu kinachofungwa rimu, ina bolti nne kwenye duara la milimita 100. Atakayejitolea kuzitoboa upya usimpe gari lako.

Za Honda Fit ndizo zenye maneno. Duara lake ni milimita 100, na uzi wa nati ni uleule (unene milimita 12, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5), kwa hiyo fundi atazikaza bila kushuku lolote. Lakini rimu asilia za Honda zina kiti cha nati, yaani pale nati inapokaa kwenye tundu, kilichobonyea mviringo kama bakuli, na nati za Probox yako zimechongoka mfano wa pia wanayochezea watoto. Nati iliyochongoka hivyo ikikaa ndani ya bakuli hugusa ukingo mwembamba tu, nayo hulegea gari likiwa safarini. Ukizichukua, nunua na nati za Honda zenye kichwa cha mviringo, zote 16, wala usichanganye.

Tundu la katikati nalo ni milimita 56.1, na habu yako ni 54.1, dai pete za kuziba nafasi hiyo, la sivyo usukani waweza kutetemeka ukienda kasi.

Kabla ya kulipa, funga rimu moja mbele ikiwa na mpira wake, zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho, kisha uone kama inagusa popote. Tazama pia nyuma ya rimu alama ya JWL, ambayo ni ya kiwango cha usalama cha Japani, na mikwaruzo iliyofika kwenye aluminiamu: maji ya chumvi yanayotiririka kutoka kwenye samaki wako (nadhani unayajua vyema kuliko mimi) hula hapo kwanza. Ukishazifunga, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hivi.