Kabla ya kuuza shamba ili mzee asafishwe damu

Pole sana mkuu mleta mada. Umeuliza mambo mawili. Mzee wako figo zimefeli, hana bima, daktari kasema asafishwe damu mara tatu kwa wiki: je, muuze shamba? Na je, hayo maisha ya kwenye mashine atayaona yana faida? Wengi waliotangulia wamejibu la kwanza tu. Mimi nilimuuguza mama kwenye mashine kwa miaka kadhaa, na kwa nilivyoona, la pili ndilo linaloamua la kwanza.

Tuanze na hela. Sisi tulikuwa tukilipa kama laki mbili kila anapowekwa kwenye mashine. Mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka, hiyo ni milioni 31 na laki mbili. Tuseme shamba lenu likapata milioni 20: haitimizi miezi minane, na hapo ni mashine peke yake. Bado sindano za erithropoietini, kwa sababu figo ndizo zinazouamrisha mwili utengeneze damu na zikifeli mgonjwa anaishiwa. Bado madini ya chuma, vipimo vya mara kwa mara, dawa za presha, nauli ya watu wawili. Na bado yule anayemsindikiza. Kwetu alikuwa mdogo wangu wa kike, akafunga genge lake la mboga. Kwenye daftari la michango ya ukoo kila shangazi aliyetoa elfu kumi kaandikwa, ila biashara ya huyu binti iliyokufa haimo. Kwenye kikao chenu cha familia, iandikeni.

Kwa hiyo shamba lisiuzwe mwezi huu. Nendeni kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya hiyo hospitali mkaeleze hali halisi, na ulizeni kuhusu bima: inalipia mara ngapi kwa wiki, na sindano za damu zimo au hazimo? Swali la sindano watu hulisahau, halafu mgonjwa anasafishwa vizuri huku damu iko chini, hawezi hata kupanda ngazi tatu. Hapo mnalipia uhai lakini siku zenyewe hazitumiki.

Sasa la pili. Wachumi wa afya wana kipimo chao: mwaka mmoja wa afya kamili wanauhesabu 1, kifo 0, na mwaka wa ugonjwa unaangukia katikati. Ukiishi miaka miwili kwa kiwango cha nusu, umepata mwaka mmoja. Uingereza, taasisi yao ya NICE kwa miaka mingi ilikuwa ikikubali dawa nyingi kama gharama ya kupata mwaka mmoja wa aina hiyo haikuzidi pauni 20,000 hadi 30,000. Serikali inayogawa bajeti inahitaji kitu kama hicho, sawa. Ndani ya nyumba kipimo hicho sikipendi, maana hakuna mtoto atakayemwambia baba yake kwamba mwaka wake ni sifuri nukta tano. Lakini maswali wanayotumia kupata hizo namba ni mazuri mno. Dodoso lao maarufu, EQ-5D, ambalo lina toleo la Kiswahili, linauliza mambo matano tu: kutembea, kujihudumia mwenyewe, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Tukawa tunamuuliza mama hayo matano kila mwisho wa mwezi na kuandika.

Majibu yalitushangaza. Sisi tulikuwa tukihangaika na kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayopimwa kuona figo zikoje, yeye hakuwa na habari nayo. Kilichokuwa kinamuua moyo ni kuhama. Tulimtoa Korogwe tukamleta Mbagala ili awe karibu na mashine. Kule alikuwa na migomba yake, majirani wanaompigia hodi asubuhi, kikoba chake ambacho yeye ndiye mshika fedha. Mbagala alikuwa mgeni chumbani kwa mwanawe, joto, na kiu juu yake. Na kiu ya mgonjwa wa figo msiichukulie mchezo: maji anapimiwa kwa kikombe, maana asipokojoa yote yanabaki mwilini mpaka siku ya mashine, na yakizidi yanaingia mapafuni. Siku ya mashine ni saa nne za kulala pale, misuli inakaza, presha inashuka, akirudi nyumbani ni kitandani mpaka kesho yake. Maumivu aliyataja kidogo. Huzuni ndiyo ilipanda kila mwezi.

Baadaye huduma ikasogea karibu na nyumbani na tukamrudisha. Bei ya mashine ilikuwa ileile, dawa zilezile, hata vipimo havikubadilika sana. Lakini akarudi kwenye kikoba, akawa anakaa kibarazani kuwasimamia vijana wanaopalilia. Ndipo genge likafunguliwa tena. Ukiangalia risiti utasema hakuna kilichobadilika.

Thailand walilitazama hilo kama nchi. Mwaka 2008 bima yao ya taifa iliamua wagonjwa waanze na kusafisha damu kwa njia ya tumbo, ambayo mtu anajifanyia nyumbani, badala ya kumvuta kila mwanakijiji kwenye mashine za mjini. Mwaka 2022 wakaruhusu mgonjwa achague mwenyewe na daktari wake. Huku kwetu njia ya tumbo ni adimu, ila muulizeni daktari bingwa wa figo, hasa kama mnakaa mbali.

Mambo mengine haraka haraka. Kama mzee amewekewa mpira wa shingoni wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine, ulizeni mapema kuhusu fistula, yaani kuunganishiwa mishipa mkononi. Inahitaji wiki kadhaa ikomae, ndiyo maana haisubiri mpate hela zote. Mpira ukikaa muda mrefu unaleta maambukizi, na kulazwa mara moja kwa maambukizi ya damu kunaweza kumeza hela ya operesheni yenyewe. Chakula: ndizi, viazi na maharage vina potasiamu nyingi, na ikipanda moyo unaweza kusimama. Mama, mtu wa ndizi tangu utoto, aliona hii ndiyo adhabu kubwa kuliko sindano. Viazi mvimenye, mvikate vidogo, mchemshe kwa maji mengi na kuyamwaga, inapunguza.

Kuna mchangiaji kasema mumpeleke mara moja kwa wiki ili hela ikae. Hapana. Mara mbili wapo wanaofanya, hasa ambao bado wanakojoa kiasi, lakini daktari ndiye anayepima na kuamua, siyo mfuko. Na yule aliyeshauri mitishamba namheshimu, ila figo zilizofeli hazitoi sumu wala potasiamu ya huo mzizi, kwa hiyo kwa mzee huyu naupinga.

Kupandikiza figo mlizungumze sasa hivi, msingoje shamba liishe. Hospitali ya Muhimbili walianza mwaka 2017 na ile ya Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka 2018, mtoaji akiwa ndugu. Gharama ya mwanzo inatisha na dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo ni za maisha yote. Lakini siku tatu za kila wiki zinarudi kwake, na msindikizaji anarudi kazini. Kama kuna shamba la kuuzwa, mimi ningeuza kwa ajili hiyo kuliko kulila kidogo kidogo kwenye mashine. Sharti mzee awe anafaa kupasuliwa, na ndugu ajitolee bila kusukumwa na kikao cha ukoo.

Na mzee mwenyewe mmemuuliza? Kwenye uzi wako wote umeandika "tumeamua", "tunafikiria". Kaa naye siku ambayo si ya mashine, akiwa na nguvu, umuulize yale matano na nini hasa anataka kuendelea kukifanya. Kisha rudi hapa utuambie mko mkoa gani, bado anakojoa kiasi gani, na damu na potasiamu vimesomaje. Nitakuambia tulivyopanga ratiba na nauli.