Kabla hamjaitangaza plasmidi yenu kuwa huria, tafuteni MTA yake, mkataba iliotoka nao maabara

Mkuu, simama hapo hapo. Hicho kichupa cha plasmidi usimtumie mtu yeyote.

Umeandika kwamba kikundi chenu kimepata plasmidi (kipande cha DNA cha mviringo kinachobebwa na bakteria) ya kuzalishia Bst, kimeng'enya kinachonakili DNA, kutoka kwa rafiki aliyesoma nje, mnataka kutengeneza kipimo cha bei nafuu cha ugonjwa wa batobato ya muhogo, kila kitu kiwe wazi kama wanavyofanya watu wa programu huria, na unauliza mtumie leseni ipi kati ya GPL, ile ya programu za kompyuta, na Creative Commons, ile ya maandishi na picha. Ukaongeza ya sentrifuji ya kujiundia, ya mahali pa kuweka data na ya namna ya kupata wachangiaji. Mimi nimeishia kwenye "kutoka kwa rafiki".

Hapo hakuna leseni ya kuchagua, kwa sababu hamjui kama mna haki ya kugawa. Ukiandika msimbo wa kompyuta, hakimiliki ni yako tangu unapouandika, hulipi wala husajili. GPL aliyoiandika Richard Stallman mwaka 1989 imesimama juu ya hakimiliki hiyo: msimbo ni wangu, nakuruhusu, na wewe waruhusu wengine. DNA haiendi hivyo. Inabanwa na hataza (patent), ambayo huombwa na kulipiwa nchi kwa nchi, na inabanwa na mkataba uliosainiwa siku kichupa kilipotoka maabara moja kwenda nyingine, yaani MTA. Creative Commons ibandikeni kwenye maandishi ya itifaki yenu, yaani maelekezo ya hatua za maabara, itashika. Kwa bakteria waliomo kwenye friza haishiki kitu.

MTA ndiyo iliyotumaliza sisi. Tulikuwa na plasmidi ya kimeng'enya hicho hicho, kwa muhogo huo huo. Makala yake ya kisayansi inasomwa bure, mfuatano wa herufi za DNA yake uko GenBank, hifadhi ya umma mtandaoni, yeyote anaushusha. Na tulikuwa na mshauri, mtu wa semina za ubunifu na slaidi za kupendeza, aliyetuambia mbele ya ukumbi mzima kwamba kitu kikitoka chuo kikuu ni mali ya umma, wekeni leseni mtandaoni, mengine yatajipa. Yule bwana hakuwa amesoma MTA hata moja! Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka, maana vijana aliowajaza maneno yale bado wanayasambaza, na nadhani ndiyo yaliyokufikia wewe.

Tukazalisha kimeng'enya, na kipimo kilifanya kazi. Unatumbukiza kichupa kwenye maji ya nyuzi 65, unasubiri, rangi ya waridi inageuka njano kama jani lina virusi. Kwa batobato inatosha, kwa sababu virusi vyake ni vya DNA. Ugonjwa mwingine wa muhogo, michirizi ya kahawia, unataka kimeng'enya cha pili, kwa sababu virusi vyake ni vya RNA. Tukawagawia wenzetu wa maabara nyingine, nao wakagawiana. Kisha ikaja kampuni ndogo ya hapa hapa nchini, inataka kufungasha vipimo iwauzie wanaozalisha pingili za muhogo. Kwetu ilikuwa sherehe. Mwanasheria wao akaomba karatasi moja tu: MTA.

Ilikuwepo, imelala kwenye barua pepe ya zamani ya mwenzetu, imesainiwa na chuo alichokuwa. Ilifuata UBMTA, ile fomu ya pamoja ya MTA za vitu vya kibiolojia ambayo NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, iliitoa mwaka 1995 na ambayo vyuo vingi bado vinaitumia. Watu huruka ufafanuzi wa mwanzo wakikimbilia mahali pa kusaini, na mwiba uko kwenye ufafanuzi. Kinachohesabiwa kuwa mali ya mtoaji si kile kichupa peke yake. Ni pamoja na kizazi chake, na kila kinachotokana nacho bila kubadilishwa, na mfano mmojawapo uliotajwa mle ni protini zinazozalishwa na DNA uliyopewa. Isome tena hiyo. Kimeng'enya unachokisafisha kwa mikono yako usiku kucha nacho kimo! Ni cha kufundishia na utafiti usio wa biashara, na kumpa mtu wa nje ni mpaka mtoaji akubali. Ukipewa kuku kwa masharti, vifaranga navyo vina masharti.

Kampuni ikaaga. Sisi tukabaki kuziandikia maabara tulizozigawia, tukiomba waharibu walichonacho, na baadhi yao walishakiingiza kwenye kazi zao za shahada. Kuna mmoja hakutujibu tena mpaka leo. Friza likafunguliwa, boksi baada ya boksi likaingia kwenye otoklevu, mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke, vifuniko vikiwa bado na mwandiko wa wino wa bluu wa mwenzetu. Kimeng'enya kizima, kisicho na kasoro yoyote, kinachemshwa kwa sababu ya aya moja. Wakulima wale waliendelea kupanda pingili zenye ugonjwa msimu ule, na hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sitaipunguza: hakuna kipande kinachoingia kwenye friza bila karatasi inayosema wazi kwamba mnaweza kukigawa na kukifanyia biashara. Kila kipande. Jeni, promota (kipande kinachowasha jeni), uti wa plasmidi, hata E. coli, bakteria wa kuzalishia mliyonunua, maana huja na masharti yake kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Addgene ni ghala zuri sana la plasmidi, lakini plasmidi zake nyingi hutoka kwa UBMTA, kwa hiyo usijifariji kwa jina.

Ulizia OpenMTA, MTA ya wazi. BioBricks Foundation na OpenPlant waliitoa mwaka 2018 ili kuziba pengo hili: unagawa, unabadilisha, unauza. Mkusanyiko wa jeni uitwao Free Genes umetolewa kwa masharti hayo, na vimeng'enya vimo. Au agizeni jeni iundwe upya kutokana na mfuatano, ila hapo kagueni hataza BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, na ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika. Hataza hudumu hadi miaka 20 tangu kuombwa, na isiyosajiliwa nchini haiwabani mkitengeneza na kuuza humu humu.

Kuna mchangiaji kwenye mjadala huu anadai OpenMTA ni dhaifu kwa sababu haimlazimishi mtu kurudisha maboresho kama GPL. Ni kweli hailazimishi. Richard Jefferson wa CAMBIA kule Australia alijaribu sharti la namna hiyo kupitia BiOS, mpango wake wa leseni huria za biolojia, mwaka 2005, pamoja na TransBacter, njia ya kuingiza jeni kwenye mimea bila kugusa hataza za Agrobacterium, bakteria anayetumika kwa kazi hiyo. Lakini alikuwa na hataza zake mkononi za kuwekea sharti. Nyie mna nini mkononi?

Na anayetaka kuniuliza nimesomea sheria wapi, nimesomea mlangoni pa otoklevu.

Sasa mpigie huyo rafiki leo. Muulize plasmidi aliipata kwa nani, nani alisaini, na PDF iko wapi. Akisema hakuna karatasi, msigawe. Akiipata, futa majina, weka hapa ile aya ya ufafanuzi, nitaisoma usiku huu huu.