Kwa mnaotaka hoki ya barafu iwe kazi: niliyoyaona nikinoa skeiti

Wadogo zangu, na wazazi wenu pia manake najua nyinyi ndio mnalipa. Kila msimu ukikaribia meseji zinaanza kuingia, familia za kwetu zilizohamia Marekani na Canada, Wakenya, Wakongo, Warundi, mtoto ameonja hoki ya barafu shuleni akaipenda na sasa ana miaka 15 ama 16 anasema anataka iwe kazi. Na wengine wako Nairobi, wale vijana wa Ice Lions wanaojifunzia kwenye barafu ndogo ya hoteli ya Panari pale Mombasa Road, na tangu Kenya ikubaliwe kwenye shirikisho la dunia la mchezo huu mwaka 2024 maswali yamezidi. Kwa hivyo naandika yote mara moja.

Mimi si mchezaji. Nilitoka Mombasa nikiwa mtu mzima, nikapata kazi ya kufua jezi kwenye uwanja wa mji mdogo katikati ya Marekani, baadaye nikafundishwa kunoa skeiti, vile viatu vya barafu vyenye bapa la chuma chini, na huu ni msimu wangu wa tisa kwenye chumba cha vifaa cha timu ya daraja la tatu. Kochi anamwona mchezaji kwa masaa mawili, mimi namwona kutoka asubuhi akiingia na kikombe cha kahawa mpaka usiku akitoa soksi zilizoloa. Nimeshona majina mgongoni mwa jezi mpaka nimepoteza hesabu, na nimeyafumua karibu yote. Kile kitambaa cha jina kinashonwa kwa mashine lakini kukitoa ni kwa mkono, unapitisha kile kiwembe kidogo chini ya uzi, mshono mmoja baada ya mwingine, polepole usije ukachana jezi, manake kesho itavaliwa na mtu mwingine mwenye jina lingine. Kuna wiki moja nilifumua majina manne. Hiyo ndiyo kazi mnayoiomba, nataka muijue kabla hamjaipenda zaidi.

Muelewe ngazi zilivyo. Juu kabisa kuna NHL, ligi kuu ya Marekani na Canada, timu 32. Chini yake AHL, nayo timu 32, kila moja inalisha timu yake ya juu. Chini ya hapo ECHL, iliyoanza 1988, hapo ndipo wanaanzia wengi sana waliotoka vyuo vikuu na ligi za vijana. Kila mwaka timu za NHL zinachagua vijana kama 224 kutoka dunia nzima, raundi saba, na kuchaguliwa bado si kucheza. Pesa zinapishana kama mbingu na ardhi. Msimu wa 2024-25 mshahara wa chini kabisa NHL ulikuwa dola 775,000 kwa mwaka, lakini huku daraja la tatu mtu analipwa kwa wiki, mamia kadhaa ya dola, nyumba inatolewa na timu, na msimu ukiisha Aprili mshahara nao umeisha. Kiangazi unajitegemea. Wengi nawajua wanafundisha watoto kwenye kambi za hoki, wengine wanapaka rangi nyumba, wengine wanabeba mbao kwenye mjengo, halafu jioni wako jimu.

Sasa kati ya yule staa na yule anayeacha baada ya mwaka mmoja kuna kundi kubwa sana la watu ambao watu wa nje hawawajui, mimi nawaita mafundi wa kuzunguka. Kama fundi wa nyumbani mwenye begi la vifaa, anaenda panapoitwa kazi, akimaliza anaenda kwingine. Hao ndio nataka muwaangalie, kwa sababu ukweli ni kwamba ukifika mbali kwenye mchezo huu, uwezekano mkubwa utakuwa mmoja wao. Na si aibu hata kidogo! Mike Sillinger amechezea timu 12 za NHL, hakuna mwingine aliyechezea nyingi kuliko hizo, aliuzwa ama kubadilishwa mara tisa, na bado alicheza mechi zaidi ya 1,000. Fikirini vizuri: kuachwa mara tisa maana yake pia ni kutafutwa mara tisa. Alikuwa mzuri kwenye ile kazi ya kugombea paki, kile kisahani cheusi cha mpira kinachopigwa, mwamuzi anapoiangusha, na timu hupungukiwa mtu kama huyo kila mwaka.

Hapo ndipo penye somo kubwa kwangu. Wanaodumu ni wale wanaojua wanaitiwa nini.

Kuna mmoja alifika kwetu usiku wa saa tano, theluji nje, miaka 31, sisi tulikuwa timu yake ya kumi na moja. Begi moja na fimbo mbili zimefungwa na tepu. Wengine wakifika wananiuliza watapewa namba gani. Huyu alinisalimia, akatoa kwenye waleti kikaratasi kilichokunjwa kunjwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa, akakiweka juu ya meza yangu. Kimeandikwa kila kitu: skeiti zake zinanolewa kwa kina gani, fimbo yake ugumu gani na mkunjo gani, helmeti saizi gani, dawa gani zinamdhuru. Halafu akauliza basi la kesho linaondoka saa ngapi na nani anacheza wakati timu imepungukiwa mtu mmoja kwa adhabu. Basi. Kesho yake alicheza kana kwamba alikuwa na sisi tangu Oktoba, akajitupa mbele ya mashuti mawili, na nilipomvua kinga ya mguu palikuwa na doa jeusi kama yai.

Nieleze hiyo ya kunoa kwa sababu vijana hamuijui na ni kitu cha bure kabisa kukijua. Bapa la skeiti halinolewi liwe kali kama kisu. Gurudumu linachimba kamfereji katikati kwa urefu wote wa bapa, na kamfereji hako ndiko kanaacha makali mawili, la ndani na la nje. Kamfereji kakiwa na kina unashika barafu sana, unakata kona vizuri lakini miguu inachoka na kusimama kunakuwa kwa ghafla, kakiwa hakana kina unateleza mbali kwa nguvu kidogo lakini unaweza kuchomoka kwenye kona. Wengi wanazunguka kwenye kipimo cha nusu inchi, na hicho si kina chenyewe, ni nusu kipenyo cha duara linalochimba kamfereji. Mimi nikimaliza napitisha ukucha juu ya makali yote mawili, halafu naangalia kama yako sawa kwa kimo, manake moja likiwa juu ya lingine hata kidogo tu mchezaji anaanguka na hajui kwa nini. Kijana mgeni akija namuuliza unataka kipimo gani ananijibu "noa tu." Wee, hiyo ni miguu yako! Umeitwa timu mpya kwa mechi mbili za kujaribiwa, umepewa dakika nane, ukatumia dakika tano kuzoea makali ambayo si yako, zimebaki ngapi? Andika vipimo vyako, utembee navyo kama unavyotembea na namba ya simu ya mama yako.

Na pasipoti. Hii imeniuma ndio maana naisema kwa nguvu. Kulikuwa na kijana kwetu, mzuri kweli, mtulivu, alikuwa anangoja daraja la pili wamuite. Wakamuita siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, mechi jioni, upande wa pili wa mpaka. Pasipoti yake ilikuwa nyumbani kwa mchumba wake mji mwingine, masaa sita kwa gari. Wakachukua mtu mwingine. Nafasi ya pili haikuja msimu huo, na mimi nilikuwa pale nikimfungia begi lake kisha nikalifungua tena na kurudisha vitu kwenye kabati yake, hakuna aliyeongea. Kwa hivyo pasipoti, kadi ya bima na karatasi za viza zikae kwenye begi unalolala nalo karibu. Wale mtakaokuja Marekani kucheza kutoka nje mtakuja kwa ile viza ya wanamichezo, P-1, na hiyo imeshikana na kazi, kazi ikikatika usikae kimya, uliza siku hiyo hiyo mwenye kujua sheria, si rafiki.

Kandarasi isome mwenyewe hata kama una ajenti. Kuna ile ya pande mbili, ukicheza juu unalipwa mshahara wa juu, ukiteremshwa unalipwa wa chini, kwa hivyo usipige hesabu ya nyumba kwa mshahara wa siku tatu. Kuna ile ya majaribio ya AHL, inafika mechi 25, na wakati wowote wanaweza kukwambia asante. Na wachezaji wa AHL na ECHL wana chama chao, PHPA, kipo tangu 1967, namba yao iwe kwenye simu yako kabla hujaihitaji. Nimeshuhudia mchezaji ameumia bega akicheza, halafu uongozi ukaanza kumharakisha aondoke kwenye nyumba na kusaini karatasi za kuachwa, Krismasi inakaribia, mkewe ana mimba. Alikuwa karibu kusaini kwa sababu hakutaka aonekane msumbufu. Mchezaji mwenzake mkubwa akampigia simu chama mbele yake, akampa simu mkononi. Mambo yakabadilika. Kuwa mpole ni vizuri lakini upole hauponyeshi bega.

Safari nazo. Msimu ni mechi 72, na mara nyingi zinakuja Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, mbili kati ya hizo pengine mji mwingine. Basi linaondoka baada ya mechi, unalala humo, mwenye umri mkubwa anachagua kitanda kwanza, hiyo ni heshima usiiguse. Mafundi wa kuzunguka wanajua kulala. Unaweza kucheka lakini nakwambia nimeona vipaji vikimalizwa na simu ya saa nane usiku kuliko na majeraha. Yule wa kikaratasi alikuwa anakula wali na kuku aliobeba mwenyewe kwenye bakuli, anavaa soksi nzito, anaweka kofia machoni, kwisha, mpaka tunafika.

Ulaya pia ni njia, wengi wakifika miaka 26, 27 wanaona juu pamefunga wanahamia Ujerumani, Sweden, Uingereza. Huko ligi kadhaa zina kikomo cha wageni kila timu, kwa hivyo ukiwa na haki ya pasipoti ya nchi ya huko kwa mzazi ama babu, fuatilia mapema, inaweza kukupa kazi kuliko mabao kumi.

Kinga ya shingo vaeni. Hili sibembelezi. Adam Johnson alizaliwa Hibbing, Minnesota, alicheza mechi 13 za NHL akiwa na timu ya Pittsburgh, akazunguka Sweden na Ujerumani, akafika Nottingham, Uingereza, na tarehe 28 Oktoba 2023 skeiti ilimkata shingo kwenye mechi huko Sheffield, akafariki akiwa na miaka 29. Alikuwa mtu wa kazi hii hii ninayowaelezea. Ligi yao baadaye ikafanya kinga ya shingo kuwa lazima. Mimi wiki ile nilinoa skeiti mikono inatetemeka, kwa sababu makali yale ni kazi yangu. Mchezaji akiniambia inamkera inamchoma joto namwambia kaa ikukere.

Kuhusu rangi mnaniuliza sana, hasa kina mama. Yapo, siwezi kuwadanganya, maneno kutoka jukwaani, na kwenye chumba wakati mwingine unakuwa peke yako. Someni habari za Willie O'Ree wa Fredericton, Canada. Tarehe 18 Januari 1958 aliingia uwanjani na timu ya Boston, mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, na jicho lake la kulia lilikuwa halioni kwa sababu paki ilimpiga akiwa kijana, akaficha. Watu wanaishia hapo kwenye hadithi. Mimi napenda sehemu inayofuata: NHL alicheza mechi 45 tu, lakini hoki ya kulipwa aliicheza mpaka 1979, sehemu kubwa Los Angeles na San Diego kwenye ligi ndogo. Huko Los Angeles wakamhamisha kutoka winga ya kushoto kwenda kulia, ili lile jicho zima ndilo liangalie uwanja, na mabao yakaanza kumiminika. Alipata mahali pake akiwa amekwisha shushwa. Boston walikuja kuitundika jezi yake namba 22 kwa heshima, isivaliwe tena na mwingine, mwaka 2022, akiwa mzee wa miaka 86.

Yule wa kikaratasi, ndiyo, aliitwa juu tena akiwa na hiyo miaka 31. Mechi mbili. Nilimnolea jozi zote mbili saa kumi na moja alfajiri. Akarudi kwetu Jumatatu, akaning'iniza begi, akaniuliza jezi yake iko wapi, na nilikuwa sijaifumua jina.

Na hili la mwisho ni la wazazi maanake nimeliona Jumamosi iliyopita tena. Msimnunulie mtoto skeiti kubwa ati azikulie, najua kwetu viatu vya shule tulinunuliwa hivyo na vikajazwa karatasi mbele. Skeiti huwa ndogo kuliko kiatu cha kawaida kwa saizi moja ama moja na nusu, kidole gumba kiguse kidogo tu mbele, kisigino kisiinuke hata ukimvuta. Ikiwa pana kifundo kinalala ndani, mtoto anaonekana hajui kuteleza kumbe amevalishwa vibaya. Tafuteni zilizotumika lakini saizi yake, ziko nyingi, na mje nazo dukani zinolewe kabla hajakanyaga barafu, kwa sababu wengine wanauza zikiwa butu kabisa.