Homa Isiyo na Vijidudu: Maswali Yenu Kuhusu Kongosho

Madaktari, shikamooni. Kaka yangu ni mvuvi wa Kibirizi. Alishikwa ghafla na maumivu ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni, akatapika usiku kucha. Hospitalini walipima damu wakasema kongosho limevimba kwa sababu ya mawe ya nyongo. Siku ya pili akapata homa na kuhema, lakini daktari akakataa kumpa antibaiotiki, akidai hakuna vijidudu. Homa bila vijidudu inatoka wapi? — Msomaji, Kigoma Ujiji

Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Homa hiyo ni kazi ya kinga yake mwenyewe.

Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Vile vya kusaga nyama hutoka vikiwa vimelala, vikaamshwa vikishafika kwenye utumbo mdogo. Jiwe likikwama pale mrija wa nyongo unapokutana na wa kongosho, juisi hukosa njia, na kimeng'enya kiitwacho tripsini huamka humo humo ndani ya seli. Kongosho linaanza kujisaga lenyewe.

Kinachofuata ndicho huamua kama mgonjwa atalala siku nne au mwezi mzima. Seli zikipasuka humwaga vitu ambavyo kwa kawaida havitoki nje, kama vipande vya vinasaba na protini za kiini. Kinga huvitambua kwa vipokezi vile vile inavyotumia kutambua bakteria, kwa hiyo huitikia kana kwamba mwili umevamiwa. Neutrofili, seli nyeupe za mstari wa mbele, huingia kwenye kongosho ndani ya saa chache. Hizo pamoja na makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli, humwaga saitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga hutumia kuitana. Kubwa zake ni TNF-alfa, IL-1 na IL-6. Zikifika ubongoni, joto hupanda. Zikifika kwenye ini, kipimo cha CRP, protini ya damu inayoonyesha uvimbe mwilini, hupanda. Zikifika kwenye mishipa midogo ya damu, kuta zake hulegea na maji kuvuja: presha hushuka, figo hukosa damu, mapafu hulowa. Hapo ndipo mgonjwa anahema.

Wauguzi hufuatilia dalili nne: joto zaidi ya 38 au chini ya 36, mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika, na seli nyeupe zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000 kwa mikrolita ya damu. Zikitimia mbili, kinga imeshawaka mwili mzima. CRP ikizidi miligramu 150 kwa lita baada ya saa 48 ni dalili mbaya, na figo, mapafu au moyo ukishindwa kazi kwa zaidi ya saa 48, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Wagonjwa wengi, kama wanane katika kumi, hawafiki huko. Hupoa ndani ya wiki.

Antibaiotiki za kuzuia hazisaidii siku hizi za mwanzo. Maambukizi halisi huja baadaye, mara nyingi kuanzia wiki ya pili kwenda mbele, kinga inapokuwa imechoka na bakteria wa utumbo wakapenya hadi kwenye nyama ya kongosho iliyokufa. Homa ikirudi wakati huo, msikae kimya. Kuna hali moja ambayo antibaiotiki hutolewa tangu siku ya kwanza: homa yenye baridi kali pamoja na macho ya manjano, kwa sababu hapo mrija wa nyongo wenyewe huwa umeambukizwa.

Tahadhari kwa wengine: maumivu ya namna hii mara nyingi huitwa vidonda vya tumbo, mtu akapewa omeprazoli ya duka la dawa na siku zikapita. Kongosho lililovimba hujulikana kwa kipimo cha damu cha lipasi au amilasi, vimeng'enya vya kongosho, kikiwa mara tatu au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida.

Je, mgonjwa wa kongosho tudai aongezewe dripu? Tumesikia maji ndiyo dawa yake. — Mwanga

Maji ndiyo dawa, lakini kwa kipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha dripu ya kasi na ya wastani kwa wagonjwa 249, ukasimamishwa kabla ya wakati: katika kundi la kasi, mmoja kati ya watano alizidiwa na maji mwilini, katika kundi la wastani, kama mmoja kati ya 16. Sababu ni ile ile mishipa iliyolegea: unachomimina kinavuja kwenda mapafuni.

Kipimo cha wastani ni ringa lakteti, aina ya maji ya dripu yenye chumvichumvi, mililita 1.5 kwa kila kilo kila saa. Mtu wa kilo 60 hupata mililita 90 kwa saa, kama lita mbili na kidogo kwa siku. Akiwa amekaukiwa hutanguliziwa mililita 600 kwa saa mbili. Kazi ya ndugu ni kupima mkojo: kwa mtu huyo ukiwa chini ya mililita 30 kwa saa, mwambieni muuguzi. Na asifungishwe njaa. Kutapika kukitulia, aanze kula ndani ya saa 24, maana utumbo usiopata chakula hulegeza ukuta wake na bakteria hupata upenyo. Uji, wali laini, dagaa wa kuchemsha. Mawese na migebuka ya kukaanga vingoje.

Kama kinga ndiyo inayoharibu, kwa nini wasimpe mgonjwa prednisoloni kuituliza? — Kasulu

Kwa kongosho la mawe au pombe, haipendekezwi. Kuizima kinga ni kuwafungulia mlango bakteria wa ile wiki ya pili.

Ila upo ugonjwa mwingine, ambao kinga hulishambulia kongosho bila jiwe wala pombe. Aina yake ya kwanza huwapata zaidi wanaume wenye umri mkubwa: macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, maumivu kidogo au hakuna, na kingamwili za IgG4 mara nyingi huwa juu. Kwenye picha hufanana sana na saratani. Huo ndio hutibiwa kwa prednisoloni, kwa kawaida miligramu 30 hadi 40 kwa siku kwa wiki nne, kisha hupunguzwa miligramu 5 kila wiki moja au mbili. Usikatize ghafla. Wiki mbili hadi nne zikipita bila nafuu, saratani ichunguzwe upya.

Kabla ya kidonge cha kwanza apimwe kifua kikuu, homa ya ini B na sukari. Na kwa watu wanaotembea pekupeku shambani kuna minyoo wa strongiloidi, ambao hupenya ngozi ya mguu na kuishi mwilini miaka mingi bila kelele. Steroidi kama prednisoloni huwafungulia wasambae hadi mapafuni, na mtu hufa. Dawa yao ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kilo. Albendazoli ya kawaida ni dhaifu kwao.

Nilipona kongosho mwaka jana. Gongo kidogo sikukuu ina madhara? — Kibondo

Usiguse, na sigara pia acha. Kila shambulio huamsha seli za kongosho zinazofuma makovu, na makrofaji huendelea kuzichochea hata maumivu yakiisha. Kovu likitanda, insulini hupungua na mafuta hayasagiki: kinyesi huelea, hung'aa na kunuka kuliko kawaida. Ukiona hivyo, kapime sukari wiki hiyo hiyo.